Fundi Herufi na Mashine Iliyoamkia Watu

Ukitaka kumuudhi Fundi Herufi, umwambie bango lake ni zuri. Angekutazama kama umemtukana, kisha akuulize, "Zuri? Nimekuuliza kama ni zuri? Linasema nini?" Basi hapo huna ujanja. Unasimama kando ya barabara kuu ya Same, upepo unakupiga vumbi usoni, na unasoma kwa sauti: SALUNI YA KISASA, MLANGO WA NYUMA. Ukishasoma bila kukwama, anaridhika, anachovya brashi na kuendelea na kazi kana kwamba hukuwahi kupita pale.

Nilimjua kwa miaka mingi, na mpaka leo nikimkumbuka moyo unanienda mbio. Si kwa sababu ya mabango. Ni kwa sababu mzee huyu, ambaye aliogopa kushika kipanya cha kompyuta kama vile kingemng'ata, ndiye niliyebuni naye kitu kilichonisisimua kuliko kazi yoyote niliyowahi kuifanya: mtihani wa kumtofautisha mtu na mashine. Baadaye nilikuja kujua kwamba wenzetu wana jina lake, wanauita kapcha. Sisi tuliuita mlango.

Alikuwa mrefu, mkavu, na koti lake la kaki lilikuwa limekula rangi nyingi kiasi kwamba hakuna aliyejua lilizaliwa na rangi gani. Brashi nyembamba ilikaa nyuma ya sikio, nene ikakaa mfukoni, na popote alipoingia harufu ya mafuta ya taa ilitangulia. Akimaliza bango, alivuka barabara na kulitazama kutoka ng'ambo, akafumba jicho moja, kisha akafumba la pili. Hakuridhika na macho yake peke yake. Basi la kwenda Arusha likisimama watu washuke kunywa chai, aliwakamata abiria mikono. "Mama, samahani, soma pale." Mama wa watu, hajui amefanya kosa gani, anasoma. Akikwama kwenye herufi moja tu, Fundi anarudi mbio, anaifuta ile herufi kwa kitambaa cha mafuta ya taa, anaiandika upya. Alisema herufi ni mtu anayekuita, na ukigeuka ukamtazama, kazi imekwisha.

Sisi watu wa milima hii tunasemwa kwa ubishi, na sitakataa, maana nikikataa nitakuwa nimewapa ushahidi. Lakini Fundi alituzidi sote. Mteja akija anataka bango lenye maua pembeni, atabishana naye mpaka mteja aondoke na kurudi siku ya pili amekubali bango lisilo na ua hata moja. Na hao wateja hawakumkimbia. Walimsengenya, wakamrudia.

Miaka ile ya dhiki, rafu za maduka zikiwa tupu na watu wakipanga foleni ya sabuni kabla jua halijachomoza, rangi ilikuwa kitu cha kusikia tu. Fundi alivunja betri za redio zilizokufa, akatoa yale makaa yake meusi, akayasaga na kuyakoroga kwa mafuta ya nyonyo. Nyekundu aliitoa kwenye udongo wa njia ya kupanda Vudee, kwao. Brashi alijitengenezea kwa nyuzi za mkonge, alizozitafuna mpaka zikalainika. Na neno alilotumwa kuliandika kuliko yote lilikuwa HAKUNA. Hakuna sukari. Hakuna khanga. Hakuna dizeli. Alijigamba kwamba nchi nzima hayupo aliyeandika HAKUNA ikasomeka kama yake, na kwamba aliyekuwa ng'ambo ya reli aliweza kujua hakuna sukari bila kujisumbua kuvuka.

Ilipokuja ruksa ya kuingiza na kuuza kila kitu, bidhaa zikamwagika mpaka barabarani. Wenye maduka wakamfuata Fundi awatengenezee mabango mapya. Hakutengeneza. Alizunguka mji na kopo lake, akafuta herufi mbili za mwanzo kwenye kila bango, HAKUNA ikawa KUNA. Kuna sukari! Kuna khanga! Nakumbuka tulivyosimama mitaani tukisoma mabango yaleyale ya jana na kucheka kama watoto. Sijawahi tena kuona furaha iliyoandikwa kwa kitambaa cha kufutia.

Alikuwa mbahili, hilo nalo niliseme. Rangi iliyobaki aliitunza kwenye vizibo vya soda, na chai aliinywa pale alipokaribishwa. Lakini siku aliposikia mvua imeosha herufi moja ya bango lake kule Kileo, alidandia lori, akaenda kuirudisha, hakuna aliyemwita wala aliyemlipa. Nikamuuliza kulikuwa na haraka gani. Akasema hakulala vizuri akijua kuna bango lake limesimama na pengo mbele za watu.

Mimi nilirudi Same baada ya kupunguzwa kazi Dar es Salaam, shirika letu lilipouzwa. Nilikuwa mpiga chapa, na kompyuta nilijifunza kwa kung'ang'ania, nikafika mpaka kutengeneza programu ndogondogo. Nikafungua kafe ya intaneti karibu na stendi, na watu wakaniita Dada Mtandao. Bango langu aliliandika Fundi, lakini kwanza tuligombana. "Hili neno kafe litakuletea watu wanaotaka chapati," alisema. Na walikuja, tena wengine walikasirika kukosa.

Kwenye mtandao nilianzisha ukurasa mmoja tu, nikauita Ubao wa Same. Yeyote aliweza kuandika bila kujiandikisha: msiba uko wapi, harusi ni lini, mvua imenyesha wapi, tangawizi imepanda au imeshuka, na msaragambo, zile kazi zetu za pamoja za kuzibua mifereji, unaitishwa upande gani. Watoto wetu walioko mbali walikuwa wakiusoma, na wao wakiandika, huku nyumbani tulijaa mbele ya kioo kimoja tukisomeana kwa sauti.

Mmoja wa hao watoto alikuwa binti wa Fundi. Mtoto wake wa pekee, aliyemlea mwenyewe baada ya mama yake kufariki. Alimfundisha kusoma kwa kuchora chini kwa kijiti, na akiwa mdogo binti alikuwa akimbebea makopo ya rangi mji mzima. Sasa alikuwa ng'ambo, amekwenda kusomea uuguzi. Nilijitolea kumfungulia Fundi barua pepe yake, waongee faragha. Alinitazama kwa huruma.

"Maandishi ya kujificha ni ya mwenye kesi," akasema. "Mimi maisha yangu yote nimeandika barabarani. Weka ubaoni."

Basi baba na binti wakawa wanaandikiana mbele ya mji mzima. Fundi alisimama nyuma ya kiti changu akitamka kama anayehutubia. "Andika: mwanangu, mahindi ya juu yamekubali, ya chini yamekauka. Andika: jino lililokuwa linanisumbua nimeling'oa." Jibu likija, mji wote unajua kabla hajafika. Wauza vitunguu stendi waliulizana kama yule binti ameshazoea baridi. Alipoandika kwamba amefaulu mtihani wake wa kwanza, tulipiga vigelegele mpaka polisi wa zamu akaja kuchungulia.

Halafu zikaja roboti. Asubuhi moja niliufungua Ubao nikakuta dawa za nguvu za kiume, saa za bei ya kutupa, kamari, mikopo, vyote kwa lugha za kigeni, ukurasa baada ya ukurasa. Nikafuta. Nikaenda kunywa chai, nikarudi, umejaa tena. Hazikuwa na mtu nyuma ya kila tangazo, zilikuwa programu zinazozunguka duniani kutafuta kila mahali panapoandikika, zikajaze. Ujumbe wa binti wa Fundi tuliukuta umezikwa chini ya saa za mkononi, na ulikuwa umekaa pale siku kadhaa bila sisi kuuona. Wenye seva wakanionya kwamba Ubao ukiendelea kufurika wataufunga.

Fundi alipoelewa maana yake, alikaa kwenye benchi. Nilikuwa sijawahi kumwona akikaa kafeni. "Ukifungwa, yeye ataniandikia wapi?" aliuliza. Barua za posta zilichukua miezi, nyingine hazikufika kabisa, na simu ya nje hakuna kati yetu aliyeimudu. Nikamwambia nitaweka mlango: kabla mtu hajaandika, ataonyeshwa herufi zilizopindwapindwa, azinakili. Mtu ataweza, roboti itashindwa.

Nikatengeneza herufi hizo kwa kompyuta, nikazipinda, nikazichafua kwa vidoti. Wiki haikwisha, roboti zikapita. Fundi aliinama kwenye kioo, akafumba jicho moja.

"Hizi herufi amezitengeneza nani?"

"Kompyuta."

"Umeandika kwa mkono wa mashine, halafu unashangaa mashine wanasomana? Hao wanajuana."

Nilikuwa na wazo, ila nikalisema vibaya. Nilimwambia, basi wewe Fundi tuandikie, ila uandike vibaya. Alinyanyuka akaondoka. Nilidhani nimempoteza. Baada ya saa chache akarudi, akanishika mkono bila salamu, akanivuta mpaka nyuma ya soko, kwenye kibanda cha zamani ambacho bango lake lilikuwa limeliwa na jua na upepo mpaka limebaki mabaka.

"Soma."

"Mafuta ya taa," nikasema.

"Umeyaona wapi hayo mafuta ya taa? Nusu ya herufi hazipo."

Nikatazama tena. Kweli, hazikuwapo! F ilikuwa kijiti, zile A zilibaki mapaja tu. Nilikuwa nimesoma kitu ambacho hakikuwapo, na kila aliyepita pale alikisoma vilevile, miaka nenda rudi. Fundi alikuwa anachekea ndani ya koti. "Siandiki vibaya," akasema. "Nitaandika sawasawa, halafu Same yenyewe itaharibu."

Zikafuata siku ambazo sikutamani jua litue. Fundi alikata kadi kwenye mifuko ya saruji, akaandika maneno kwa mkono wake bora kabisa. Kisha akaanza kuyazeesha. Nyingine alizining'iniza kwenye bati zichapwe na upepo. Nyingine alizilaza stendi zikanyagwe na matairi ya mabasi, na madereva wakamtukana, naye akawaambia wapite tena taratibu, gurudumu la mbele halijagusa M. Moja ilitafunwa na mbuzi, akaileta akishangilia kwamba hiyo ndiyo iliyosomeka kuliko zote. Mimi nikiziingiza kwenye skana, yeye anavuta abiria kutoka barabarani waje wasome kwenye kioo. Maneno aliyachagua yale ambayo kila mtu anayabeba kichwani, ili jicho likikosa herufi lijazie lenyewe: HODI, HABARI, SHIKAMOO.

Siku ya kuufungua mlango, wa kwanza kuingia alikuwa mama mmoja muuza tangawizi, aliyetaka kuwatangazia wanawe walioko Mwanza kwamba mdogo wao anaoa. Kadi ya Fundi ikatokea: SHIKAMOO, imekunjamana, ina alama ya tairi. Mama akaitazama, akatabasamu. Akaandika kwa kidole kimoja, herufi baada ya herufi: MARAHABA.

Mashine ikamjibu kwa maneno niliyoyaandika mimi: Samahani, inaelekea wewe si mtu. Jaribu tena.

"Mimi si mtu?" alisema mama. "Imeniamkia, nimeitikia! Ilitaka nini?"

Akaja mwingine, akaonyeshwa HODI. Akaandika KARIBU. Mwingine akaandika NANI. Aliyepewa HABARI aliandika nzuri kiasi, ila mbuzi wangu mmoja hajaonekana tangu juzi, halafu akaniuliza kama ataeleza na rangi ya huyo mbuzi. Wote wakakataliwa. Kufikia saa sita kafe ilikuwa imejaa watu walioambiwa si watu, na kelele zake ni za watu hasa.

"Mashine yako ni punguani!" Fundi alinifokea.

"Walitakiwa wanakili walichokiona!"

"Nani anaamkiwa akanakili alichokiona? Umelelewa wapi wewe?"

Nilikuwa karibu kulia kwa hasira. Nikafungua Ubao kuona kama kuna hata mmoja aliyepita. Walikuwapo wawili, wote wanauza saa. Picha zetu zilikuwa chache, kwa hiyo wenye roboti walikuwa wamekaa chini wakazisoma wenyewe na kuzifundisha roboti zao majibu. Kadi ya SHIKAMOO, roboti imejibu SHIKAMOO. Imenakili vizuri kabisa, bila kosa.

Nikamsomea Fundi. Tukatazamana.

"Binti," akasema polepole, "anayenakili ni nani?"

"Roboti."

"Na anayeitikia?"

Nilipiga ukelele! Nilirusha mikono nikaangusha kikombe cha mtu, sikujali. Nikakaa kwenye kiti watu wakiwa wamenizunguka kama wanaangalia mpira, nikageuza programu pale pale: atakayenakili afungiwe nje, atakayeitikia apite. Mama wa tangawizi akarudishwa kitini kwa heshima zote. MARAHABA. Mlango ukafunguka. Kafe nzima ikapasuka kwa shangwe, na Fundi, mbahili yule, akatoka akanunua soda, akainywa mwenyewe, lakini aliinunua.

Jioni ile Ubao ulikuwa msafi kama umefagiliwa. Roboti zilikuja kwa mamia, zote zikisema shikamoo, shikamoo, shikamoo, na hakuna hata moja iliyojua kuitikia. Kama si kijukwaa kidogo cha mji mdogo, wenye roboti wangetafuta na jibu hilo, najua. Lakini hakuna aliyeona tunastahili taabu hiyo mara ya pili. "Wajifunze kwanza adabu," Fundi alisema, "ndipo waje kuuza saa."

HODI na HABARI tulizitoa, maana majibu yake hayana mwisho. Ikabaki SHIKAMOO peke yake, kwa kuwa hiyo jibu lake ni moja. Hapo vijana wakagoma. Kijana mmoja muuza kaseti alisimama mbele ya mashine akakataa katakata kugusa kibonyezo. "Mzee mzima ameniandikia shikamoo, halafu mimi nimwitikie marahaba? Mama akisikia nitalala wapi?"

Fundi aliamua kesi hiyo akiwa wima. "Aliyekuamkia si mimi. Ni mashine. Mashine imezaliwa lini? Juzi. Humu ndani nani mdogo kuliko mashine? Iitikie, isije ikalia." Vijana wakacheka, wakaandika. Tangu hapo watu wakawa wanakuja kafeni kuamkiwa tu. Mzee mmoja wa Kimaasai alipanda kutoka tambarare, akaniambia kwa upole kwamba amesikia kuna mashine yenye malezi, naye anaomba kuiona. Nilikuwa naamka asubuhi nacheka peke yangu.

Mtu mmoja tu hakuandika. Binti wa Fundi.

Mwanzoni hatukushtuka. Fundi alipita kila asubuhi, brashi sikioni. "Ameandika?" Hajaandika. Vuli ikapita. "Ameandika?" Bado. Nikamtumia salamu ubaoni kwa jina la baba yake, hakujibu. Watu wakaanza kunong'ona kama wanavyonong'ona watu, kwamba watoto wakishaonja huko hawakumbuki huku. Fundi hakubishana nao, na hilo ndilo lililonitisha. Macho yake nayo yalikuwa yameanza ukungu, mtoto wa jicho, na mabango ya plastiki yanayotoka kwenye mashine za Moshi yalikuwa yanamaliza wateja wake mmoja mmoja. Siku moja akaniambia, "Labda amekuwa mtu mkubwa sasa." Akafunga makopo yake, akapanda Vudee, hakushuka tena. Mlango tulioujenga ili asimpoteze ulikuwa unafanya kazi barabara, na yeye amempoteza.

Ndipo simu ya kafe ikalia, mchana, kafe imejaa. Sauti ya mbali, inakatika.

"Dada, shikamoo. Baba yangu yuko hai? Siku hizi haandiki tena ubaoni."

Nilimtambua palepale. Nikamwambia yuko hai, yuko hai kabisa, wewe uko wapi, mbona kimya? Akaanza kulia.

"Mtandao wenu umenikataa, dada. Kila nikija unaniambia mimi si mtu. Barua pepe nimekutumia hujibu." Barua pepe yangu ilikuwa imezama kwenye matangazo yaleyale ya saa. "Nimeandika barua mbili za posta. Pesa ya simu ndiyo kwanza nimeipata."

"Kwani ukifika mlangoni unaandika nini?"

"Naandika shikamoo baba."

Nikawaashiria watu kafeni wapunguze sauti.

"Ule ni mkono wake," alisema. "Ile K yenye mguu mrefu nimeijua kabla sijajua kusoma. Jibu linalotakiwa nalijua, dada, si kwamba silijui. Ila nitamwitikiaje baba yangu marahaba? Nilijaribu. Vidole vimekataa."

Nilimwambia ajaribu tena kesho mchana, neno lilelile, asibadilishe kitu. Nikafunga kafe watu wakiwa ndani bado wanalalamika, nikapata gari la kupanda mlimani limebeba mbolea, nikakaa juu ya magunia. Njia ile ya makona nilikuwa naiona ndefu kama adhabu. Nilitaka kupiga kelele kwa kila tuliyempita.

Nilimkuta Fundi nyuma ya nyumba anachambua mbegu za maharage kwa kupapasa. Nikampa shikamoo, nikamweleza yote bila kuvuta pumzi. Alinifanya nirudie. Alinifanya nirudie sehemu ya vidole. Halafu akasimama, maharage yakamwagika, akaanza kuita majirani kwa Kipare, mmoja baada ya mwingine, mpaka wakasogea kwenye uzio wakidhani kuna msiba.

"Amekataa kuniitikia!" alipaza sauti. "Mnasikia? Mashine imemwambia itikia upite, akakataa! Amekaa nje miezi yote hii, hakuniitikia!" Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kidevuni naye anacheka. Mama mmoja aliniuliza pembeni kama mzee yuko sawa.

Kesho yake alishuka na koti lake la kaki. Aliamuru niongeze jibu moja mlangoni: atakayeandika SHIKAMOO BABA apite. "Roboti inanakili. Haijui kuongeza baba," alisema. Na yeye akaomba kadi. Kwa macho yale ilibidi ainame mpaka pua ikakaribia karatasi. Aliandika neno ambalo ukurasa ungemwonyesha yeyote anayepita kwa jibu hilo. Nikataka kuichukua nikaiweke batini kwenye upepo kama zile nyingine. Akanishika mkono.

"Hii usiizeeshe. Hii isomeke." Akaniambia, "Vuka."

Nikavuka barabara kuu. Akaisimamisha kifuani pake, mbele ya kafe, malori yakipita kati yetu. Hakuniona, najua, alikuwa anaelekea upande niliokuwapo tu. Nikasoma kwa nguvu zangu zote: "MARAHABA!"

Mchana ule kafe haikuwa na pa kukanyaga. Mama wa tangawizi alikuwapo, na yule kijana wa kaseti alikuwa amesimama juu ya kiti. Nilibonyeza, nikabonyeza tena. Ukatokea ujumbe mpya, nami nikausoma kwa sauti kama tulivyozoea.

"Shikamoo baba. Nimekuona. Nimesoma bila kukwama."

Fundi alikuwa nyuma ya kiti changu, mkono wake uko begani pangu. "Marahaba, mwanangu," aliiambia ile mashine, taratibu, kama anaongea na mtu aliye mlangoni. Kisha akaniuliza tena ameandika nini, nikamsomea tena. Aliposikia mara ya pili akaridhika. Alitoa kitambaa chake cha mafuta ya taa, akaifuta brashi unywele kwa unywele, akaichomeka nyuma ya sikio, na sikumwona tena akiichovya.